Asiye wakili kusoma hukumu: msaada, au mtoto kupewa wembe?

Mwalimu wa Sakina: Wakuu, habari. Mimi si mwanasheria. Juzi na kikundi chetu cha akina mama hapa Arusha tulisoma Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 13 kinaruhusu msichana kuolewa na miaka 15. Mama mmoja muuza ndizi akafunga daftari: "Basi, serikali imesharuhusu." Ikabidi tufungue hukumu. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka 1 virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 ikashindwa. Kitabuni maneno yakabaki yaleyale. Yule mama alinyamaza, kisha akauliza: "Kumbe sheria inaweza kukosea?" Swali hilo lilinitosha. Sasa rafiki yangu wakili ananilaumu, eti nachezea kazi za watu. Semeni.

Wakili wa mjini: Mwalimu, rafiki yako ana hoja. Mtoto akililia wembe mpe, sawa, lakini damu ni ya nani? Nilipokea mzee kutoka Same aliyeuza mbuzi wawili kwa ajili ya safari. Kijana mmoja aliyetoka semina alimwambia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha na haidai ada ya kufungua kesi. Yote kweli! Ila Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki pale, na tangu 22 Novemba 2020 raia wetu hawezi kupeleka kesi mpya pale yeye mwenyewe. Mbuzi wamekwenda.

Msaidizi wa kisheria, Moshi: Pole kwa mzee, lakini kijana yule alifundishwa nusu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua sisi tusio mawakili. Hatusimami mahakamani, tunaelekeza. Mimi hukumu naianzia mwisho, kwenye amri, kisha naangalia kama ilikatiwa rufaa. Ndipo narudi kwenye hoja za majaji, maana si kila neno la jaji ni uamuzi. Kinachonitesa ni Kiingereza. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi ninazozipata bure TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni za Kiingereza, na nikitafsiri vibaya nitauza mbuzi wa mtu mimi pia.

Mwalimu wa Sakina: Wakili, kuhusu mzee umenibana. Tulianza na haki ni zipi, hatukuuliza mlango gani uko wazi na nani anaruhusiwa kuingia. Hata hapa nyumbani, mabadiliko ya sheria ya 2020 yalimtaka anayedai haki za msingi Mahakama Kuu aoneshe yeye mwenyewe ameathirikaje. Hilo sikuwafundisha. Kuacha siachi, lakini. Jumamosi saa nne tunakutana tena, chai ipo. Njoo wewe, tuanze na kisa cha mzee wa mbuzi.