Vitamini D: cha wiki na cha siku, nimeze vyote?

BintiWete:
Assalaam aleikum. Mie mtu wa Pemba, naishi Maskati. Tangu Ramadhani mapaja yananiuma, ngazi nikipanda nashika ukuta. Nimepimwa damu, vitamini D, ile ya jua, imetoka 9 tu, nanogramu kwa mililita, chini mno. Daktari kaniandikia vidonge vya yuniti 50,000, kimoja kila wiki kwa wiki nane. Mama kacheka kwenye simu: "Mtu wa Maskati akose jua!" Jua lipo, ila kiangazi joto linapita 40. Natoka kwenye kiyoyozi cha nyumba naingia cha gari, kisha cha ofisi, na baibui juu.

Sasa dada yangu wa Leicester, Uingereza, kanipa chupa ya yuniti 1,000 za kila siku, na wifi anasema nichanganye nipone haraka. Nifanyeje?

Mfamasia_Mza:
Pole dada. Kwanza, hicho cha 50,000 ni cha WIKI. Watu wamezoea dawa kila asubuhi, boksi linakwisha kabla ya mwezi kuandama. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama C, inajiwekea kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi sana kalsiamu inapanda kwenye damu: kiu, kichefuchefu, choo kigumu, mpaka mawe ya figo.

Gawa 50,000 kwa siku saba, ni zaidi ya 7,000 kwa siku. Hiyo 1,000 ya dada itakuongezea nini sasa? Iweke kabatini, itakufaa kuendelezea dozi ikiisha, daktari akiafiki. Meza baada ya chakula chenye mafuta. Ijumaa na pilau panafaa, hutasahau.

Mama_Shani:
Mie niko huku Uingereza aliko dada yako. Vipimo vya huku vinasomwa kwa nanomoli kwa lita, 9 yako inakuwa 22 na nusu. Usije ukapima huku ukaona namba imepanda ukaacha dawa! Sisi weusi na wanaojifunika tunaambiwa tumeze yuniti 400 kila siku mwaka mzima, wengine Oktoba hadi Machi inatosha. Na bila daktari mtu mzima asivuke 4,000 kwa siku.

Halafu kuota jua nyuma ya kioo ni kujipa joto tu, miale inayotengeneza vitamini D haipiti humo.

BintiWete:
Ahsanteni, wifi nitamtumia hii asome mwenyewe. Jengine: nanyonyesha, mtoto ana miezi mitatu. Si atapata kwangu?

Mfamasia_Mza:
Hapo ungeanza napo, dada! Daktari alijua unanyonyesha? Kama hakujua, mpigie kabla ya kidonge kijacho. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno, hasa mama mwenyewe akiwa na 9. Mtoto anahitaji matone yake, kwa kawaida yuniti 400 kwa siku. Soma chupa vizuri: zipo ambazo tone moja ndiyo 400 nzima, na zipo za kujaza bomba hadi alama. Vidonge vyako usimgawie.