Waling'oa milango, wakakata nyimbo: filamu ya A Funny Thing Happened on the Way to the Forum ni uharibifu mtupu

Wakuu, leo siji kwa upole. Nimechoka kusikia filamu hii ya mwaka 1966 ikisifiwa kama mfano mzuri wa kuitoa tamthilia ya muziki jukwaani na kuipeleka kwenye sinema. Walipewa kichekesho kilichosukwa kwa ustadi wa ajabu, wakakifumua chote, halafu wakatuletea nyuzi tuzishangilie.

Kwa ambaye hakijui kisa: tuko Roma ya kale. Kijana Hero kampenda binti aitwaye Philia, anayekaa nyumba ya jirani kwa Lycus, mwenye danguro. Mtumwa wake Pseudolus anamwahidi kumpatia huyo binti, na malipo anayoyataka ni uhuru wake. Kumbe binti ameshauzwa kwa jemadari mwenye majigambo, Miles Gloriosus, ambaye yuko njiani kuja kumchukua. Baba mtu, mzee Senex, naye anamtolea macho binti huyohuyo, huku mkewe Domina akirudi safari wakati ambao hakuna anayemtarajia. Uongo mmoja unazaa wa pili, wa pili unazaa wa kumi, na yote yanaishia siku hiyohiyo, kwenye barabara moja, mbele ya nyumba tatu: ya Senex, ya Lycus, na ya mzee Erronius aliyekuwa ng'ambo akitafuta watoto wake walioibwa na maharamia.

Shikeni hapo kwenye nyumba tatu, maana kesi yangu yote iko hapo.

Kichekesho cha aina hii hakichekeshi kwa sababu watu wanakimbia ovyo. Kinachekesha kwa sababu mimi niliyekaa kwenye kiti najua nani yuko nyuma ya mlango upi, na aliyesimama barabarani hajui. Senex anaingia hapa, papo hapo mkewe anatokea kule, na mimi nawaona wote wawili kwa mpigo. Sasa ukinionyesha uso wa mzee peke yake, halafu ukakata, ukanionyesha uso wa mke, halafu ukakata tena, ukanionyesha mlango, umeshanipokonya kazi yangu. Mimi ndiye niliyetakiwa kujumlisha. Kicheko kilikuwa kwenye kujumlisha!

Na mpangilio huu haukubuniwa New York. Burt Shevelove na Larry Gelbart, walioandika kisa, walikwenda kuchota kwa Plautus, mtunzi wa Kirumi. Mtumwa mjanja wamemchukua kwenye tamthilia yake ya Pseudolus iliyochezwa mwaka 191 KK, na jemadari wa majigambo naye ni wake. Jukwaa la Plautus lilikuwa hivyohivyo: barabara mbele, milango nyuma, waigizaji wakisema na kuimba huku wakifuatwa na filimbi. Mpangilio huo ulivuka zaidi ya miaka 2,100 ukiwa mzima, ukapanda jukwaani New York tarehe 8 Mei 1962 na kuonyeshwa mara 964. Hadhira ya miaka yote hiyo ilicheka bila mtu kuwasogezea chochote. Kisha mwongozaji Richard Lester akaupokea na kuukatakata.

Lester alikuwa ametoka kutengeneza filamu mbili na bendi ya Beatles, A Hard Day's Night mwaka 1964 na Help! mwaka 1965. Kule mikato yake ya haraka ilifaa, maana hapakuwa na mtego wa kufuatilia. Vijana wanne wanarukaruka, kamera inaruka nao, burudani tosha. Huku alipewa kazi ambayo kila hatua inategemea iliyotangulia, akaiendea kwa mkono uleule.

Mzee Erronius, kwa mfano. Anarudi nyumbani bila kutarajiwa, na Pseudolus hataki aingie ndani. Anajifanya mpiga ramli, anamwambia nyumba ina pepo, na kwamba litaondoka tu akizunguka vilima saba vya Roma mara saba. Jukwaani mzee anaondoka, mambo yanachafuka, unamsahau kabisa, mara anakatiza mbele ya kila mtu akihema na kutangaza kuwa huo ni mzunguko wa kwanza. Anapotea tena. Utamu wake ni kwamba anapita kwenye barabara ileile ambayo moto unawaka, na hajui lolote. Filamu inamtoa mjini na kumpeleka akimbie maporini. Huko anakatiza mbele ya nani?

Na kinachoniuma zaidi, aliyepewa nafasi ya Erronius ni Buster Keaton. Buster Keaton, wakuu, gwiji wa vichekesho vya filamu bubu! Mtu ambaye mwaka 1928, kwenye Steamboat Bill, Jr., alisimama wima ukuta mzima wa mbele wa nyumba ukamwangukia, akapona kwa sababu dirisha lililokuwa wazi lilipita pale pale aliposimama. Picha moja, bila kukata, mwili wake wote unaonekana na nyumba yote inaonekana, ndiyo maana hadi leo mtu akiitazama anashika kichwa. Hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba kamera ikitulia kichekesho kinajisimamia. Walikuwa naye pale pale kazini, tayari mgonjwa. Alifariki Februari 1966, filamu ikatoka Oktoba. Moja ya kazi zake za mwisho wakaimegamega vipande vya sekunde chache chache. Siwezi kuwasamehe kwa hili.

Msiniambie walikosa wataalamu. Zero Mostel aliyemcheza Pseudolus jukwaani ndiye yuleyule wa kwenye filamu. Jack Gilford, aliyemcheza jukwaani Hysterium, mtumwa mkuu mwoga wa nyumba ya Senex, naye yumo. Tony Walton aliyebuni mandhari na mavazi ya jukwaani ndiye aliyebuni ya filamu. Watu waliokijua kichekesho hiki ndani nje walikuwepo, na bado kikaharibika.

Tuje kwenye nyimbo, na hapa ndipo damu inanichemka kweli. Hii ilikuwa kazi ya kwanza ya Stephen Sondheim kufika Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, akiwa ametunga muziki na maneno yote mwenyewe. Filamu ikazitupa "Love, I Hear", "Free", "Pretty Little Picture", "I'm Calm", "Impossible" na "That Dirty Old Man". Nyimbo sita! Utetezi ninaousikia kila siku ni kwamba zilikuwa zinachelewesha kisa. Ndiyo, zinachelewesha, na hiyo ndiyo kazi yake. Vurumai kama hii ikienda mfululizo bila kituo, mtazamaji anachoka kabla ya nusu. Wimbo unamkalisha, anavuta pumzi, anakumbuka nani anamdanganya nani, kisha anarudi akiwa na nguvu ya kucheka upya. Filamu ina dakika 99 tu, lakini unaitoka hoi.

"Free" ndiyo dhambi kubwa kuliko zote. Ni pale Pseudolus anapoahidiwa uhuru, na kwa mara ya kwanza anajiruhusu kuuwaza: atakavyoishi, watu watakavyomwita, atakavyojiamulia mambo yake. Bila wimbo huo Pseudolus anabaki tapeli mchangamfu. Ukiwepo, kila uongo atakaousema baadaye unaujua unatoka wapi. Na filamu yenyewe inajitahidi kutuonyesha Roma chafu, yenye nzi, punda, mboga zinazooza na watumwa wanaotumikishwa. Hilo nalipongeza kwa dhati, na mpiga picha Nicolas Roeg alifanya kazi ya heshima. Sasa unatuonyeshaje mateso ya watumwa, halafu unamnyima mtumwa aliye mhusika mkuu wa kisa chako wimbo wake mmoja wa kuutamani uhuru?

Hata "Comedy Tonight" haikusalimika. Tamthilia ilipokuwa kwenye majaribio kabla ya New York watu walikuwa hawacheki, mpaka Jerome Robbins, mwongozaji aliyeitwa kuja kusaidia, alipoona kuwa wimbo wa kufungulia ulikuwa unawadanganya kuhusu aina ya onyesho wanaloliona. Sondheim akaandika huu mpya, na mambo yakageuka. Jukwaani mwigizaji wa Pseudolus anautumia kukukaribisha na kukutambulisha nyumba moja baada ya nyingine, ili ujue mapema mlango upi ni wa nani. Kwenye filamu umefunikwa na picha za haraka za mjini, zinapita kabla hujajua umeangalia nini. Unaanza safari ukiwa hujaonyeshwa njia.

Tena kuna jeshi. Jukwaani wanaume watatu tu wanacheza askari wote, watumwa wote na matowashi wote, wakibadilisha nguo mbio mbio. Jemadari anajigamba juu ya majeshi yake na nyuma yake kuna watu watatu. Filamu ikajaza askari wa kweli kibao. Kichekesho kwisha.

Nimekiri na nakiri tena kwamba kuna mahali pazuri. Pale Pseudolus anapomvalisha Hysterium nguo za binti na wigi, ili alale ajifanye maiti, na Hysterium anagoma, ndipo Pseudolus anamwimbia "Lovely", wimbo uleule ambao wapenzi wawili waliimbiana mwanzoni. Mostel anambembeleza, Gilford anaanza kuamini kwamba kweli amependeza. Kwa nini pananoga? Kwa sababu waliachwa wawili hao wafanye kazi yao. Ken Thorne naye alipewa Oscar kwa kuupanga muziki wa filamu, na sina ugomvi naye, alipanga alichoachiwa.

Halafu ule mwisho! Jukwaani watu watatu wamevaa mavazi meupe yanayofanana: binti mwenyewe, Hysterium, na Domina aliyejigeuza ili amnase mumewe. Watatu hao wanaingia na kutoka kwenye ile milango mitatu, kila mwanaume akimkamata asiye wake. Ni hesabu kali kuliko zote kwenye tamthilia nzima. Filamu ikaona bora mbio za magari ya farasi nje ya mji, ndefu, zenye vumbi na kelele, ambazo ungeweza kuzibandika kwenye filamu yoyote ya Warumi.

Nitakayejibishana naye ni yule anayesema "sinema si jukwaa". Najua si jukwaa. Sikutaka kamera ifungwe kwenye kiti cha mtazamaji na kusahauliwa. Jengeni barabara moja yenye milango mitatu, wekeni kamera mahali inapoona yote, isogee pale tu inapolazimika, waacheni waigizaji waonekane kuanzia kichwa hadi miguu, na mwacheni mtumwa aimbe.

Anayeitetea filamu hii aje hapa aniambie, wimbo kwa wimbo, hizo sita zilikuwa na kosa gani.