MJADALA: Nepal iendelee kuwaruhusu vigogo wa vyama kuhama jimbo kila uchaguzi?

Wadau, naleta hoja hii nikiwa na msimamo, na nitausema wazi: hapana. Mbunge aliyechaguliwa na jimbo arudi kwa watu walewale kuwaomba kura, au akae pembeni uchaguzi mmoja.

Mfano mkubwa ni Pushpa Kamal Dahal, ambaye dunia inamjua kwa jina la Prachanda. Aliongoza vita vya msituni vya Wamao, yaani waasi wa kikomunisti, kwa miaka 10, vikaisha 2006. Aprili 2008 Nepal ikachagua Bunge la Katiba, na yeye akagombea majimbo mawili kwa mpigo, maana sheria ya wakati huo iliruhusu: Rolpa-2, kule milimani vita vilikoanzia, na Kathmandu-10, jimbo la mji mkuu lenye mji wa kale wa Kirtipur. Akashinda kote, akabaki na la Kathmandu na kuiachia Rolpa. Chama chake kilizoa majimbo 120 kati ya 240, naye akawa waziri mkuu.

Sasa njooni Novemba 2013. Kathmandu-10 ilimtupa nje. Rajendra KC wa chama cha Nepali Congress alipata kura 20,392, mgombea wa UML, chama kingine cha kikomunisti, akafuata, na Prachanda akashika nafasi ya tatu kwa kura 12,852. Hesabu ikiwa bado inaendelea, chama chake kilidai kuna wizi na kuwaondoa mawakala wake vituoni. Lakini safari hiyo pia alikuwa na jimbo la pili, Siraha-5, kule tambarare mpakani na India, na huko alipita kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Siraha ndiyo iliyomrudisha bungeni.

Hapo ndipo ninapokereka. Wananchi wa Kathmandu-10 walikuwa na mtu wao, wakampima kwa miaka mitano, wakatoa hukumu, na hukumu hiyo haikumgusa. Kiti alichopoteza kwao alikuwa ameshakipata kwa watu wengine siku hiyohiyo.

Sheria ya uchaguzi ya 2017 ilifuta kugombea majimbo mawili, na ninaipongeza kwa hilo. Kuhama hakukuguswa. Mwaka huohuo Prachanda akaenda Chitwan-3, akiwa kwenye muungano na UML, akamshinda Bikram Pandey. Ilipofika 2022 muungano ule ulikuwa umevunjika na UML ni mpinzani, basi akahamia Gorkha-2. Chitwan-3 ikachukuliwa na yuleyule Pandey. Huko Gorkha alikaribishwa na Baburam Bhattarai, waziri mkuu wa zamani na mzaliwa wa wilaya hiyo, aliyempisha kiti chake. Jimbo lilipokezwa kati ya wakubwa wawili kabla mpiga kura hajaulizwa chochote. Prachanda akashinda, na Desemba 2022 akaapishwa kuwa waziri mkuu, chama chake kikiwa na viti 32 tu kati ya 275. Tangu 2008 hadi hapo, huyu ni mtu mmoja na majimbo matano.

Najua mtaniambia nisimwandame peke yake. Sawa. Madhav Kumar Nepal wa UML aliangushwa 2008 katika majimbo mawili, Kathmandu-2 na Rautahat-6. Baadaye akaingizwa bungeni kwa kuteuliwa, na Mei 2009 akawa waziri mkuu wa nchi. Majimbo mawili yamesema hapana, na bado akapata cheo kuliko vyote!

Linganisheni na mwananchi wa kawaida. Kwa Nepal, mgombea akiwa kwenye daftari la wapiga kura popote nchini anaweza kugombea jimbo lolote. Mpiga kura yeye anapiga kura pale alipoandikishwa tu. Ndiyo maana kila uchaguzi mabasi yanayotoka Kathmandu hujaa watu wanaorudi vijijini kupiga kura. Na Wanepali waliojaa Qatar, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, wanaojenga barabara na maghorofa na kutuma pesa zinazolisha familia nyumbani, hawana kituo huko waliko. Mahakama ya Juu ya Nepal ilielekeza mwaka 2018 kwamba walio nje wawekewe utaratibu wa kupiga kura, na uchaguzi wa 2022 ukapita bila wao. Fundi wa Doha jimbo linamfunga kwa kamba, mwenyekiti wa chama haligusi hata kivuli chake.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya jimbo la Dadeldhura. Sher Bahadur Deuba wa Nepali Congress alishinda huko tangu 1991 hadi 2022 bila kuhama, na amekuwa waziri mkuu mara tano. Kwa hiyo kutulia jimboni peke yake hakuleti uwajibikaji, nakubali. Tena mwaka 2022 aliyemkabili ni Sagar Dhakal, kijana mhandisi ambaye hakuwa mwenyeji wa Dadeldhura. Miaka kadhaa kabla alimbana Deuba kwa swali kwenye kipindi cha televisheni, akajibiwa kwa ukali, akaamua kumfuata jimboni kwake. Alishindwa, lakini alipata kura zaidi ya 13,000. Sheria ya kudai ukazi ingemfungia mlango kijana kama huyo, na ingewalinda wakubwa waliokwishajichimbia.

Kwa hiyo sitaki sharti la ukazi. Mgeni asiyewahi kuwa mbunge aruhusiwe kugombea popote. Ninayetaka abanwe ni yule aliyekwisha kukalia kiti: uchaguzi unaofuata agombee hapohapo, au asigombee. Mipaka ikichorwa upya, kama ilivyokuwa majimbo yalipopunguzwa kutoka 240 hadi 165, achague jimbo lililobeba sehemu ya lile la zamani.

Wanaosema kiongozi wa kitaifa ni wa nchi nzima, nawakumbusha kuwa Nepal ina viti 110 vya uwiano, vinavyotokana na kura za chama nchi nzima. Kama Prachanda alijiona ni wa wote, kwa nini 2022 hakuingia kwenye orodha hiyo na kuwaachia Gorkha-2 wajitafutie mtu wao? Anayepinga aanzie hapo.