Bima ya boila: mama yangu yuko nami Luton msimu huu wa baridi, nichukue ipi?

Salim wa Kisauni

Asalaam alaykum, na habari za jioni wadau. Naomba ushauri wa mliokaa Uingereza miaka mingi kuniliko.

Nyumba yangu iko Luton, vyumba vitatu. Boila, ule mtambo wa gesi unaopasha nyumba na maji, niliikuta ukutani jikoni, kombi ya Vaillant (ile inayopasha maji ya bombani papo hapo, bila tangi), na karatasi alizoacha mwenye nyumba wa zamani zinaonyesha ilifungwa mwaka 2013. Waranti ilikwisha zamani.

Januari iliyopita ilizimika Ijumaa usiku. Nilikuwa na bima ya dharura za nyumbani, pauni 14 kwa mwezi, na nilikuwa nimelipa miezi kumi na mmoja bila kukosa. Nikapiga simu, nikaambiwa fundi atafika ndani ya saa 24. Alifika Jumanne. Siku zote hizo tulikuwa tukichemsha maji kwa birika na kuwaogesha watoto kwenye karai, usiku tunalala wote wanne chumba kimoja na hita ya umeme. Fundi alipokuja akaifungua boila, akaitazama kama dakika kumi, akasema ndani kumeziba chokaa na chokaa haimo kwenye bima. Akafunga begi lake akaenda. Nikamtafuta mwingine nikamlipa pauni 380 mfukoni mwangu. Kampuni siitaji jina, nimekuja kuuliza njia.

Mwaka huu mama yangu amekuja. Ana miaka 73, kazaliwa Kisauni, na baridi hii hajawahi kuionja. Sasa ni Oktoba tu, na tayari analala na soksi mbili na leso kichwani. Kifua chake si kizuri. Siwezi kumweka hata usiku mmoja nyumba ikiwa baridi nikisubiri simu ipigwe.

Nimetazama njia tatu. Ya kwanza ni HomeCare ya British Gas, ile yenye ngazi: boila peke yake, au boila pamoja na rejeta (vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba), na ukipanda zaidi wanaingiza mabomba na umeme. Ya pili ni kuongeza kipengele cha dharura kwenye bima ya nyumba niliyonayo. Hicho ni pauni chache tu kwa mwezi, lakini wanalipa mwisho pauni 500 kwa kila tukio. Ya tatu ni fundi mmoja wa hapa mtaani ambaye hana mkataba wowote. Anatoza pauni 95 kwa sevisi ya mwaka, na ikiharibika unampigia. HomeServe, kampuni nyingine ya bima kama hizi, nao wameniletea barua, bado sijaisoma. Bei nimezilinganisha hadi macho yameuma. Mngekuwa mimi mngechukua ipi?

Mgosi wa Gesi (Northampton)

Pole sana Salim, na mfikishie mama shikamoo yangu. Hii ndiyo kazi yangu, nina kadi ya Gas Safe (orodha ya mafundi walioruhusiwa kisheria kugusa gesi), kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Bei iweke mwisho. Fungua waraka wa masharti, nenda moja kwa moja pale wanapoorodhesha wasiyolipa, na utafute neno chokaa na neno tope. Luton maji yake ni magumu sana. Tazama ndani ya birika lako, ule ukoko mweupe ndio huohuo unaokaa kwenye boila. Sisi wa Tanga tunaujua kutoka kwenye maji ya visima. Kombi ina kisahani cha chuma kinachopasha maji ya bombani, njia zake ni nyembamba, na chokaa hupenda hapo. Dalili yake ni maji ya moto kuja vizuri kisha kugeuka baridi ukiwa katikati ya kuoga, au boila kunguruma kama birika linalokaribia kuchemka. Masharti niliyowahi kuyasoma, na nimesoma mengi kwa ajili ya wateja wangu, karibu yote yanaiacha chokaa nje. Tope jeusi la kwenye rejeta ni hivyohivyo: watatengeneza mara ya kwanza, halafu watakuambia usafishe mfumo mzima kwa gharama yako kabla hawajarudi tena. Kwa hiyo kwa nyumba yako, bima yoyote utakayonunua bila kuondoa chokaa kwanza itakurudisha kwenye Jumanne ile.

La pili ni umri. Boila ya 2013 wengine hawaipokei, wengine wanaipokea lakini matengenezo yakizidi thamani yake, au spea ikikosekana, wanasema haifai tena kutengenezwa na wanakupa mchango mdogo ununue mpya. Uliza mchango huo ni kiasi gani, kabla hujatia sahihi.

Halafu kuna muda wa kungoja. Mara nyingi siku 14 za mwanzo, kwingine karibu mwezi mzima, huruhusiwi kudai. Ukijiunga Desemba boila ikiwa imeshaanza kukohoa, umechelewa. Uliza pia unachangia kiasi gani kila fundi anapokuja. Mkataba wa bei ndogo wenye mchango wa pauni 95 kwa kila wito unaweza kukugharimu kuliko ule ulioukimbia.

Kile kipengele cha kwenye bima ya nyumba, kazi yake ni kuzima dharura. Zile pauni 500 huwa ni pamoja na ufundi, spea na kodi. Sevisi ya mwaka kwa kawaida haimo, na wakija kukataa dai lako watakuomba risiti ya sevisi.

Kuhusu saa 24: wiki ya barafu simu zinaingia kwa maelfu na hakuna kampuni isiyozidiwa. Unapojiandikisha, waambie kuna mzee wa miaka 73 mwenye kifua. Siku ya kupiga simu waambie tena, tangu sentensi ya kwanza. Waulize pia, wakishindwa kufika, je, unaruhusiwa kuita fundi wako na wao wakurudishie? Baadhi wanaruhusu. Jibu hilo lipate kwa maandishi.

Na mambo mawili usimngojee mtu. Presha ya maji kwenye kipimo cha boila ikishuka chini ya bar 1, boila inaweza kujizima. Mfumo ukiwa wa baridi, rudisha iwe kati ya 1 na 1.5 kwa kufungua valvu ya kujazia, kisha uifunge vizuri. Na siku ya barafu kali tazama bomba jembamba la plastiki linalotoa maji ya boila nje. Likiganda, boila inazima. Mwagia maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kisha uiwashe upya. Majira ya baridi napigiwa simu nyingi kwa hilo tu, na mtu angeweza kulivisha bomba sponji mapema kwa pauni chache. Lakini kifuniko cha boila usikifungue wewe.

Bi Rehema (Leicester)

Naongezea kwa ajili ya wapangaji wanaosoma hapa. Mimi nililipa bima ya boila miaka miwili nikiwa mpangaji, kwa kutojua. Hapa England sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inamwekea mwenye nyumba jukumu la kutengeneza mfumo wa joto na maji ya moto, na ukaguzi wa usalama wa gesi ni wajibu wake kila mwaka, akupe na cheti. Fedha zile zingenunua mablanketi ya watoto. Boila ikifa, mwandikie siku hiyohiyo, kwa ujumbe unaobaki, usipige simu tu.

Na ukinusa gesi, bima yoyote iache kwanza. Funga gesi kwenye mita ukiweza, fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999. Ni bure, usiku na mchana. Watahakikisha ni salama; boila yenyewe hawatengenezi.

Baba Zuhura (Reading)

Ndugu Salim, mimi niliacha bima kabisa. Tangu 2019 naweka pauni 25 kila mwezi kwenye akaunti ambayo siigusi. Nimeitumia mara mbili tu: pampu, halafu bodi ya umeme ya boila. Mwaka jana ndiyo iliyonisaidia kununua boila mpya yenye waranti ya miaka kumi, na sharti lake ni sevisi kila mwaka. Lakini nasema kweli, mimi sina mzee nyumbani, na mwaka wa kwanza akaunti ilikuwa na pauni 300 tu. Ingeharibika wakati huo ningekopa.

Kitu kimoja usisahau: ujue unanunua bima au mkataba wa matengenezo. Vinafanana kwenye tangazo. Ikiwa ni bima, wakikukataa bila haki unalalamika kwao, na wiki nane zikipita bila jibu la mwisho, au jibu lisikuridhishe, unakwenda kwa Financial Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha na bima, bila kulipa kitu. Mkataba wa matengenezo tupu mara nyingi hauna mlango huo.

Salim wa Kisauni

Allah awalipe kheri nyote. Jana nimeshinda kwenye simu. Kampuni mbili nimewauliza swali moja tu kwanza: chokaa? Zote mbili zimesema haimo. Mgosi, ungekuwa hapa ungeniona nimekaa kimya na simu sikioni.

Nilivyoamua ni hivi. Fundi wa mtaani anakuja Alhamisi saa mbili asubuhi kufanya sevisi na kubadilisha kile kisahani, na risiti nitaitunza. Baada ya hapo najiunga na mkataba wa boila na rejeta, ule ambao nachangia pauni 60 kila fundi anapokuja. Wamesema watakuja kuikagua kwanza, na jina la mama limeshaandikwa kwenye faili lao. Kipengele cha pauni 500 nimekiacha. Hita mbili za umeme, zile zenye mafuta ndani, nimezinunua jana, moja iko chumbani kwake. Wazo la Baba Zuhura nalianza mwezi huu kwa pauni 10, maana hii boila haitanifikisha mbali.

Swali la mwisho, Mgosi: nataka pia kufunga kifaa cha kupunguza chokaa kwenye maji, kifungwe wapi? Mama anapenda maji ya bombani, sitaki yabadilike ladha.

Mgosi wa Gesi (Northampton)

Kwenye bomba la maji baridi linaloingia kwenye boila tu, chini yake palepale. Bomba la jikoni haliguswi, mama atakunywa maji yaleyale. Mwambie fundi leo, asisubiri Alhamisi, ili aje nacho.