Zulia, Paka na Kifua cha Nuru

*Kikundi: Watoto wa Mama · watu 14*

ALHAMISI

[18:04] Zuhura: Ndugu zangu, naomba msome mpaka mwisho, msiniwekee vidole gumba tu. Nuru ametoka kwa daktari. Si mafua. Ni mkamba wa mzio, yaani ile mirija ya kupeleka hewa mapafuni imevimba kwa ndani na kujaa makohozi, kwa sababu ya kitu anachokivuta humo humo nyumbani. Jumamosi tunasafisha chumba. Saa mbili asubuhi. Nani anakuja?

[18:05] Zuhura: Nasubiri majina.

[18:31] Baraka: 👍

[18:31] Zuhura: Baraka nimesema nini kuhusu kidole gumba

[18:32] Baraka: 😂 Nipo Shangazi, si naishi hapa hapa

[18:40] Salum: Mkamba unaambukiza. Amepewa antibayotiki?

[18:43] Zuhura: Hakupewa kaka. Ule wa kuambukiza wenyewe mara nyingi ni virusi, na antibayotiki haigusi virusi. Huu wa mzio ndiyo kabisa. Mwaka huu kameza chupa tatu bure.

[18:44] Salum: Makohozi ya njano nimeyaona kwa macho yangu.

[18:47] Zuhura: Njano si ushahidi. Kifua kikivimba, chembe za kinga hutoka na kohozi, likabadilika rangi hata kama hakuna bakteria. Haya, majina.

[19:20] Zuhura: Wamesoma 11. Nawaona.

[19:22] Rehema: Tunaondoa nini hasa?

[19:27] Zuhura: Zulia. Mapazia mazito. Godoro na mto vinavalishwa mifuko ya zipu. Shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, vuguvugu haliui utitiri wa vumbi. Ni vidudu huvioni kwa macho, vinakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka kitandani, na kinachomuwasha mtoto kifua zaidi ni kinyesi chao.

[19:28] Baraka: Kwa hiyo sote tunalala chooni 😭😭

[19:28] Zuhura: Midoli isiyoweza maji ya moto inawekwa kwenye friza siku nzima, kisha inafuliwa.

[19:29] Rehema: Dubu kakosa nini jamani

[19:29] Baraka: Twiga shingo haiingii. Nimeshajaribu

[19:30] Rehema: 😂😂😂 mkunje

[19:30] Baraka: Analalamika

[19:34] Zuhura: Chekeni. Mtoto jana kakohoa mpaka katapika.

[19:51] Salum: Zulia lipi?

[19:52] Zuhura: Lipo moja tu.

[19:52] Salum: Zulia la Baba.

[19:53] Zuhura: Ndilo.

[19:58] Salum: Zuhura, si ndilo hilo hilo lililokufanya ununiane na mimi mwaka mzima? Msiba haujapoa ukataka likae kwako, nilipokataa ukasusa hata kuja kumwona Mama. Leo limekuwa vumbi?

[19:59] Zuhura: Usianze kaka.

[20:00] Salum: Nimeanza mimi?

[20:03] Zuhura: *Ujumbe huu umefutwa*

[20:03] Rehema: Nimeuwahi 👀

[20:06] Zuhura: Na sigara je?

[20:07] Salum: Navutia nje.

[20:07] Zuhura: Ukimaliza unaingia na shati lile lile unampakata.

[20:41] Hamisi: Jumamosi niko zamu.

[20:41] Zuhura: Hamisi, mtoto ni wako.

[22:48] Neema: Samahanini, ndiyo kwanza nimemlaza. Wifi ahsante kwa kulibeba hili, ila naomba nirekebishe kidogo. Daktari hakuishia kwenye mkamba. Alimpulizisha Nuru kwenye mashine, akampa dawa ya kuvuta, tukakaa dakika 15, akapuliza tena. Mara ya pili kipimo kilipanda sana. Njia za hewa zikibana kisha zikafunguka namna ile, yeye anaita pumu. Anasema mkamba wa mzio na pumu vinashikana mikono, kwa mtoto huwezi kuvitenga kwa kusikiliza kikohozi tu.

[22:50] Zuhura: Wifi, pumu ni neno zito. Ukoo wetu hauna pumu.

[22:55] Neema: Neno zito ndilo lililompa dawa sahihi. Na kuna jingine. Dawa za kuvuta ziko mbili. Moja ya kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima, inatuliza uvimbe polepole. Nyingine ya kufungua kifua kikibana. Jumapili alipobanwa sikuwepo, mtu akampa ile ya kila siku, mara mbili. Haikufungua kitu. Nimekuta mtoto mbavu zinaingia ndani. Sijauliza ni nani.

[22:56] Neema: Pia asukutue na kutema baada ya ile ya kila siku. Ulimi umefanya utando mweupe. Na lile bomba la plastiki la kuvutia dawa si tarumbeta, Baraka.

[22:57] Baraka: Samahani Ma' mdogo

[22:59] Neema: Mkimwona hamalizi sentensi kwa kuhema, au midomo inageuka bluu, mpeni ya kufungua na muondoke naye kwenda hospitali hapo hapo. Msinipigie kwanza. Nitawakuta huko.

[23:36] Salum: Shemeji, Jumapili ni mimi. Zote chupa, nilishika iliyokuwa karibu.

[23:37] Salum: Alikuwa ananiangalia tu.

IJUMAA

[06:12] Baraka: Nimemsomea Bibi yote. Kasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

[06:15] Baraka: "Zulia hilo nimelikanyaga miaka 40 na aliyelileta. Mnasema ukoo hauna pumu. Baba yenu usiku alikuwa anakaa kitako kitandani, kifua kinalia mluzi, nampiga mgongo mpaka kunakucha. Tukakiita kikohozi cha baridi kwa sababu hakutaka watu wajue. Nuru nalala naye mimi. Mluzi ule ule naujua. Zulia litoke, na asinililie mtu."

[06:16] Baraka: Mwisho wa kunukuu

[07:02] Rehema: 😔

[07:40] Salum: Sawa Mama. Nitalibeba mimi.

[07:41] Zuhura: Sawa Mama.

[07:55] Zuhura: Basi. Salum zulia, na aliviringishe polepole asilikung'ute ndani. Baraka na Rehema mapazia. Hakuna kufagia kavu, tunafuta kwa kitambaa chenye maji, tumevaa barakoa. Nuru asiwepo mpaka jioni.

[07:56] Rehema: Mimi nilisema nakuja? 😅

[08:20] Neema: Na Sultani?

[08:21] Baraka: 😬

[09:14] Zuhura: Baraka, Bibi kasemaje kuhusu paka?

[09:15] Baraka: Nilipofika hapo aliomba maji

[09:17] Rehema: Si anyolewe tu

[09:20] Neema: Nywele si tatizo lenyewe. Ni mate yake na magamba ya ngozi, akijilamba vinabaki kila mahali. Hata akiondoka leo, vinaweza kukaa miezi ndani ya nyumba. Lakini nataka kwanza Nuru apimwe ngozi, ile ya matone na kuchoma kidogo mkononi, majibu dakika 20. Yawezekana paka hana hatia. Dawa ya mafua ya mzio tunaisimamisha siku kadhaa kabla, la sivyo kipimo kinadanganya. Siku ngapi daktari atanipangia.

[09:22] Zuhura: Kipimo lini?

[09:22] Neema: Bado sijapata nafasi.

[13:05] Salum: Zulia likitoka linakwenda wapi?

[13:31] Zuhura: Kwangu hakuna mtoto.

[13:32] Salum: Nilijua.

[21:10] Baraka: Bibi anauliza, Sultani akilala jikoni na mlango ukafungwa, itatosha?

[21:26] Baraka: Amekaa hapa anasubiri nimsomee jibu

[21:40] Neema: Mwambie nitakuja kuongea naye mwenyewe.