Mrejesho: mpangaji wangu wa duka, Kayole

Asanteni sana kwa ushauri. Niliuliza kama naweza kumfungia duka kwa kufuli mpangaji mwenye malimbikizo ya kodi, na hatuna mkataba wa maandishi.

Haifai kabisa. Duka lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa na Sura 301 ya sheria za Kenya, sawa na lenye mkataba usiozidi miaka 5. Lazima notisi ya kusitisha upangaji iwe kwenye fomu rasmi, yenye sababu, na ianze kufanya kazi si chini ya miezi 2 baada ya mpangaji kuipokea. Ujumbe wa WhatsApp hauhesabiki. Akipinga kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara, notisi inasimama hadi uamuzi utolewe. Hiyo ni haki yake, na naiheshimu.

Nilimkabidhi fomu mkononi. Aliisoma yote akiwa mlangoni, akaniomba tuketi. Tumeandikiana: kodi ya mwezi kama kawaida, na deni kidogo kidogo kila Jumamosi kwa M-Pesa. Ameshaanza kulipa. Notisi sijaiondoa.

Wenye nyumba za kuishi, Sura 301 haiwahusu. Kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sura 296, yenye jopo lake.