Mafunzo ya kliniki nje ya chuo: mwanafunzi wa udaktari atarajie nini?

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa udaktari

Habari zenu, ndugu na wakubwa zangu. Hivi karibuni nitapangiwa mafunzo ya kliniki katika hospitali iliyo mbali na chuo, nikianza na magonjwa ya ndani na kufuatia upasuaji. Hadi sasa nimezoea hospitali ya chuo, ambako ratiba ya mihadhara inajulikana na mwalimu hayuko mbali. Ninachohofia ni kwamba huko nitakosa wa kunifundisha, na mtihani utakapofika nitakuwa nyuma ya wenzangu waliobaki. Je, mwanafunzi hutegemewa kufanya nini hasa, ni nani humsimamia, na kazi zipi hapaswi kuzikubali hata akiombwa?

Jibu la kwanza, kutoka kwa daktari anayesimamia wanafunzi

Hofu yako naielewa, mdogo wangu. Ni kweli kwamba mihadhara itapungua, lakini wagonjwa utakaowahudumia kwa karibu wataongezeka. Katika hospitali kubwa ya kufundishia, mgonjwa wa nimonia hukufikia akiwa ameshaonwa na madaktari kadhaa na ugonjwa wake umeshaandikwa kwenye faili, ilhali katika hospitali ndogo huingia na kikohozi, homa na maumivu ya kifua, nawe huenda ukawa mtu wa kwanza kumuuliza yalianza lini. Kufikiri kidaktari hujengwa hapo.

Chuo Kikuu cha Flinders nchini Australia kilianza mwaka 1997 kuwapeleka baadhi ya wanafunzi wake vijijini kwa mwaka mzima wa masomo ya kliniki, na matokeo yao ya mitihani hayakuwa nyuma ya wale waliobaki katika hospitali kuu.

Kila asubuhi fika wodini kabla ya raundi. Waangalie wagonjwa uliopewa, usome jinsi walivyolala, joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kiasi cha mkojo na majibu ya maabara yaliyoingia usiku. Unapomwasilisha mgonjwa, anza na umri na tatizo lililomleta, kisha uliyoyakuta ulipompima, na umalizie kwa kusema unadhani anaumwa nini na ungependa afanyiwe nini. Wanafunzi wengi huishia kwenye maelezo na kumwachia daktari bingwa hitimisho. Toa maoni yako hata kama huna uhakika, kwa sababu msimamizi hawezi kusahihisha wazo ambalo hajalisikia.

Upande wa upasuaji, jua mapema ni operesheni gani zitafanyika kesho na urudie anatomia yake usiku huo. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya ngozi kukatwa, na wewe umo.

Usimamizi hutofautiana sana kati ya kituo na kituo, na hili ndilo linalonisumbua zaidi katika mafunzo haya. Siku ya kwanza uliza ni nani msimamizi wako, ni nani wa kumwita usiku, na ni nani atakayejaza fomu yako ya tathmini. Kisha mwombe msimamizi akutazame mwanzo hadi mwisho ukichukua historia ya mgonjwa na kumpima. Asiyewahi kukuona ukifanya kazi atakupa alama ya katikati, ile anayompa kila mtu. Omba maoni yake katikati ya kipindi, kungali na muda wa kurekebisha.

Jibu la pili, kutoka kwa muuguzi wa wodi

Naomba nijibu kuhusu kazi za kukataa. Usichukue ridhaa ya upasuaji, usiidhinishe dawa, usimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani kwa uamuzi wako, wala usimpe mgonjwa habari mbaya ukiwa peke yako. Utaratibu wowote ambao hujawahi kuufanya ukisimamiwa, sema wazi kwamba unahitaji mtu kando yako. Kwa mgonjwa jitambulishe kuwa wewe ni mwanafunzi, na akikataa usimpime, hiyo ni haki yake.

Kabla ya kuondoka, hakikisha umekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha mahali hapo kwa maji na sabuni bila kupakamua, kisha toa taarifa papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Tafadhali usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mzembe.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Je, kuhusu malazi na daftari la kumbukumbu za mafunzo?

Jibu la tatu, kutoka kwa daktari aliyehitimu karibuni

Uliza chuo kwa maandishi ni nani analipia malazi na usafiri, na kama nyumba iko karibu kiasi cha kuitwa usiku. Pakua vitabu vyako mapema, usitegemee intaneti ya huko. Upweke wa wiki za mwanzo ni wa kawaida, ila ukikuzuia kulala au kula, mwarifu mlezi wako chuoni bila kusubiri urudi. Daftari lisainiwe siku ileile kazi ilipofanyika, kwani daktari aliyekusimamia leo huenda kesho yuko likizo, na ndani yake uandike umri na ugonjwa tu, kamwe usiandike jina la mgonjwa.